Mbavu za Bawa la Kushoto

Kaka yangu mpendwa, mbishi usiye na mfano,

Barua yako nimeipata, pamoja na kejeli kwamba ndege inayochongwa kwa kompyuta si kazi ya fundi. Hata randa yako ilikuwa uvivu mbele ya shoka!

Mashine hii ya kukatia mbao haina akili. Inafuata mchoro wangu. Mara ya kwanza nilisahau kuihesabia unene wa kisu, ikanitolea mbavu kumi na nne za bawa la kushoto, zote zimepungua milimita tatu kila upande. Nilizivunja kwa goti, nikachora upya.

Jana mkaguzi wa ndege alikuja kukagua bawa hilo, la mwisho kubaki. Ili kupima nguvu yake tulilipindua, tukalipakia mifuko ya mchanga mpaka uzito wa mwisho unaotakiwa, naye akalizunguka kama mkwe anayetafuta kosa.

"Mama, mbavu hizi kakata nani?"

"Mimi."

"Acha utani. Zimelingana kama mayai."

"Mayai hayalingani, mzee. Pima."

Alipima zote kumi na nne, kisha akatia sahihi.

Mkono wangu wa kulia bado unatetemeka, na daktari ameacha kuniahidi kwamba utapona. Siku uliponidondoka msumeno ulisema ufundi wangu umekwisha. Jibu langu ni bawa hilo, ambalo chini ya mchanga wote ule halikutoa hata mlio.

Usinijibu kwa barua, njoo turuke. Kiti cha abiria nimekifungia mkanda mrefu, maana kitambi chako nakijua.

Ni mimi dada yako, fundi kuliko jana.