Kiti Kinachotazama Mlango

Thika, 5 Februari 1958

Dada yangu Nduku,

Kwa heshima kubwa, na mbele ya wote watakaokusikia ukiisoma barua hii kwa sauti pale mlangoni pako, natangaza rasmi kwamba tangu Jumatatu mimi, Kitheka, navaa soksi. Ziko mbili, na zote ni za rangi moja. Bwana Virji amesema mlinzi wake hawezi kumfuata mjini akiwa na buti zinazopiga kelele kama ng'ombe kwenye matope.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mimi ni mzima, hata mafua sina. Baba Syombua anaendeleaje na kile kifua chake? Syombua mwenyewe ameota meno?

Kazi ni ile ile. Huu ni mwaka wa pili namfuata Bwana hatua mbili nyuma, kutoka duka lake la mbao na misumari hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi kwa kinyozi. Kwa kinyozi ndiko kuna kazi kubwa. Kinyozi anamwekea Bwana wembe shingoni, nami nimewapa mgongo wote wawili, nalinda mlango.

Dada, nina neno. Ni juu ya Kanini, binti wa Mzee Kaleli jirani yako, yule mnayechuma kahawa naye. Tangu Krismasi tumekuwa tukizungumza, na yeye amesema niende kwa baba yake. Sitaki kwenda kama mtu aliyepotea njia. Wewe unitangulie, unisemee.

Ndugu yako mdogo,
Kitheka


Ruiru, 14 Februari 1958

Kitheka ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kifua cha baba Syombua kimetulia. Syombua ana meno manne na ananiuma nayo yote. Soksi zako tumezisikia, majirani wamekupongeza.

Nimekwenda kwa Mzee Kaleli. Unajua yeye ni fundi seremala, kusoma alijifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe anauliza maswali kupita aliyefundishwa. Akaniambia, "Mama Syombua, kijana huyo anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Anamlinda tajiri mmoja huko Thika."

"Asipigwe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wakija kumpiga, anapigwa nani?"

Mzee akaweka randa yake chini. "Mbao ukikosea unatupa, unakata nyingine. Huyu amekodisha mwili wake, na mwili hana mwingine. Mimi simkatai. Lakini binti yangu haendi kwake mpaka aje aniambie kwa mdomo wake kwa nini, katika kazi zote zilizoko duniani, alichagua hiyo. Akinijibu vizuri, alete mbuzi. Akinijibu vibaya, arudi kwa tajiri wake."

Kanini alikuwa nyuma ya nyumba. Alisikia kila kitu. Jana shambani hakuimba.

Kwa hiyo tafuta jibu, Kitheka. Na usiniletee mzaha.

Dada yako,
Nduku


Thika, 23 Februari 1958

Dada yangu,

Salamu tena. Mimi mzima, ila swali la Mzee limeninyima hamu ya chakula, na hilo wewe unajua si jambo dogo.

Nimewauliza wenzangu. Kilonzo, anayemlinda daktari mmoja hapa, alirudi kutoka vitani na ujuzi mmoja tu: kusimama bila kusogea akitazama mbele. Ametafuta kazi nyingine inayotaka ujuzi huo, hajaiona. Kang'ethe, askari wa chifu, ananiambia, "Mimi ni mrefu. Tangu utotoni watu wananituma niwashushie vitu juu ya dari. Chifu ndiye mtu wa kwanza kuniambia nisimame tu." Wako pia wanaopenda kuogopwa. Hao hawadumu. Ukiogopwa na kila mtu, hakuna wa kukukaribisha chai.

Ati mimi? Mimi naipenda tu kazi yangu. Najua hilo si jibu. Nitakuja Jumapili ya tarehe tisa Machi, nitakuwa nimeshalipata.

Ndugu yako,
Kitheka


Ruiru, 10 Machi 1958

Kitheka,

Salamu. Afya zetu leo hazikuhusu.

Nieleze, maana Kanini amenisimulia yote na sikulala. Ulifika vizuri, shati jeupe, sukari na majani ya chai mkononi. Mzee akakukaribisha ndani, kisha akatoka kidogo kumsindikiza mzee wa kanisa. Mle ndani mna benchi mbili. Mna sanduku lenye mto juu yake. Mna kiti kimoja tu chenye mikono, alichokichonga Mzee mwenyewe, na hata mkewe hakikalii. Wewe ukapita benchi zote mbili, ukapita sanduku, ukaenda kukaa kwenye kiti hicho!

Mzee aliporudi alisimama katikati ya nyumba yake na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kanini akaingia na chai, akatazama huku, akatazama kule, hakujua mgeni ni nani. Na wewe ukaendelea kukaa! Mzee akakuuliza kwa upole, "Kijana, umeona kiti hicho kinakufaa?" Ukamjibu nini? "Ndiyo, Mzee. Kutoka hapa naona mlango."

Yiiu! Swali la kazi yako hakuliuliza tena. Alikunywa chai amesimama mpaka ukaondoka. Kanini analia, na mimi nimeanza kupita njia ya nyuma nikienda mtoni, nisikutane na baba yake.

Nduku


Thika, 16 Machi 1958

Dada yangu Nduku,

Sina uso wa kukuuliza habari za nyumbani, lakini nauliza.

Sikukiona kiti. Naapa. Miaka miwili nimezoea kuingia mahali popote, kabla sijaona watu naona mlango, na kabla sijaona mlango miguu imeshanipeleka mahali unapoonekana vizuri. Nilikuja kuomba mke, macho yakaenda kazini. Nilipogundua nimekalia nini, niliona nikisimama nitakuwa nimekiri kosa, nikisema neno nitaliongeza. Nikakaa kama nimegongelewa misumari.

Na sasa nikupe jibu ambalo ningempa Mzee. Si zuri, lakini ni la kweli. Sisi tulizaliwa wanane, mimi ni wa tano. Ilikuwa nikichelewa, chakula kinapakuliwa bila mimi. Nikilala kwa shangazi siku tatu, hakuna anayeuliza. Simlaumu mtu, wengi tulikuwa. Kisha siku moja nikiwa mchukuzi wa mbao kwa Bwana Virji, alipata barua ya vitisho isiyo na jina. Akaogopa kwenda hata stesheni. Akasimama mlangoni akaita, "Kitheka yuko wapi? Sitoki mpaka nimwone Kitheka."

Dada, mimi sikuwahi kusikia mtu akisema hivyo. Sasa nalisikia kila asubuhi. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Kitheka


Ruiru, 30 Machi 1958

Kitheka ndugu yangu,

Sisi wazima. Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, nikakasirika. Unasema hakuna aliyeuliza? Mimi nilikwenda kwa shangazi siku ya pili, nikakukuta umeshiba umelala, nikarudi. Nilikuwa na miaka kumi, na giza lilikuwa likiingia. Usiandike tena uongo kama huo.

Kisha nikaipeleka kwa Mzee, nikamsomea yote, pamoja na misumari. Akasema, "Miaka ile ya hatari nilikikalia kiti hiki kila jioni kwa sababu kinatazama mlango. Hakuna aliyenilipa, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini." Mama Kanini akacheka kutoka jikoni: "Kiti kiko pale kwa sababu kwingine kote kunavuja!"

Mzee akajifanya hakusikia. Akaniambia, "Mtu anayetazama mlango hata siku ya kumtazama mchumba, huyo hatalala hatari ikimkaribia binti yangu. Mwambie alete mbuzi wa ntheo. Na benchi ataonyeshwa na mtu."

Kwetu Ukambani mbuzi hao wakishachinjwa na kuliwa, msichana ni mke, jambo limekwisha, hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo waje wanono. Kanini anaimba tena, na anaimba vibaya kama zamani.

Dada yako aliyekutafuta,
Nduku


Thika, 12 Mei 1958

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba Syombua, na kwa mke wangu Kanini, ambaye nitakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Siku ile ya mbuzi sitaisahau. Wewe ulinikalisha kwenye benchi kwa mkono wako, nikaupa mlango mgongo mchana kutwa, shingo ikaniuma, nikafurahi sana. Na umenisamehe ule uongo, msamaha niliuona kwenye kipande cha nyama ulichonipa.

Lakini Mzee aliposimama kunisifu mbele ya wazee wa kanisa, akasema hakuna tajiri Thika anayethubutu kutoka nje bila mkwe wake, nilitaka kusema neno. Nikatazama sufuria. Tulikuwa tumefika kwenye mifupa, nikaona nikuachie wewe umwambie, taratibu, siku atakayokuwa na kazi nzuri mkononi.

Neno lenyewe ni fupi. Tangu katikati ya Aprili mimi napima misumari dukani. Bwana amenunua mbwa.

Ndugu yako mdogo,
Kitheka