Tairi Zilizosagwa Njia ya Bungoma

Mkwe wangu Wafula,

Leo naongea na wewe bila mtu katikati. Mimi sikusoma, unajua, kwa hivyo anayeandika ni mama mchungaji, na nimemkataza kulainisha maneno yangu. Barua hii itasomwa redioni kwa sababu simu yako umeizima na ndugu zako wanasema hawajui uliko. Rudi umchukue mtoto wako. Moyo wangu umevimba, miguu imejaa maji, na daktari wa Nakuru hakunificha. Nikilala nisiamke, Nekesa ataamka na nani?

Najua kilichokufukuza. Ni ile safari.

Ulikuwa umekuja hapa Subukia kuchukua mahindi, Nasimiyu wangu amebaki kwenu Bungoma akingoja kujifungua. Asubuhi simu ikalia: amezaa msichana, lakini damu haikomi, wanataka watu wa kumtolea damu, na anamwita mama yake. Matatu zilikuwa zimegoma. Tukabaki na pikipiki yako yenye kigari cha ubavuni, kile ulichochomelea kwa mikono yako cha kubebea magunia. Nikaingia na kuku wangu wa kumpelekea mzazi. Lakini kabla tuondoke ulilala chini na spana, ukafungua vyuma, ukasukuma kigari kando, mbali na pikipiki kadiri ya mkono mzima. Sikuuliza kwa nini. Kwetu mkwe hamgusi mama ya mke wake, hata kwa nguo. Nilikaa mle nikasema moyoni, huyu alilelewa.

Tulipofika Salgaa, tairi ya kigari ikapasuka. Ulikuwa umeiweka majuzi, meno yote yapo, na sasa ilikuwa na upara kama wa marehemu mzee wangu. Ukafunga ile ya akiba. Polisi wa kizuizini wakatucheka, wakauliza kama mimi ni abiria wa kukodi, mbona nimewekwa mbali hivyo. Hukucheka, ukaendesha. Timboroa kulikuwa na mvua na ile baridi yake ya kukata masikio. Hungeweza kunipa koti lako mkononi, kwa hivyo ulisimama, ukaliweka juu ya jiwe, ukaenda kando ukageuza uso mpaka nilipolichukua. Ukaendesha na shati tu, mgongo unatetemeka. Kama kuna mama aliyewahi kupendwa na mkwe, ni mimi siku ile.

Mbele kidogo tukamkuta fundi wa pancha. Akapitisha kiganja kwa ile tairi ya akiba, nyuzi zimeanza kutokea. Ya nyuma ya pikipiki nayo ilikuwa imeliwa upande mmoja. Akachuchumaa nyuma yetu, akafumba jicho moja, akasema gurudumu la kigari linaangalia mtaro na pikipiki inaangalia Eldoret, kwa hivyo tairi haziviringiki, zinaburutwa.

"Boss, hii tairi haijaisha, imesagwa. Rudisha kigari karibu vile kilikuwa, dakika kumi na tano tu. Mathe hana ukoma."

Ukamwangalia yeye, si mimi. "Muulize mama. Nikirudisha, bega lake litanigusa goti."

Nami nikamjibu fundi huyo huyo: "Mwambie aache hivyo hivyo. Sisi ni watu wa adabu."

Fundi akatikisa kichwa, akashindilia kipande cha tairi kuukuu ndani ya kila moja, tukaondoka. Tulipopita Burnt Forest, tairi ya nyuma ililipuka, na ya kigari ikafuata kabla hatujasimama. Wewe ukaenda Eldoret na lori kutafuta nyingine. Mimi nikakaa kando ya barabara saa tatu nzima nikiwa nimemshika kuku. Tulifika jioni. Nasimiyu alikuwa ametutoka saa tisa. Muuguzi akaniambia aliniita mpaka sauti ikaisha.

Kwenye matanga ulisimama mbele ya wazee ukasema ni wewe umemuua, kwa sababu wewe ndiye ulifungua zile nati. Mimi nilikuwa nimekaa pale chini na leso kichwani. Nilijua uliuliza. Nilijua ni nani alijibu. Nikanyamaza, eti mama mkwe hasemi mbele ya mkwe wake. Ukaondoka kabla hata ya siku ya kunyoa nywele za msiba.

Sasa nasema na watu wote wasikie: ni mimi. Ulikuwa tayari kurudisha kile kigari. Mimi nilichagua adabu, mtoto wangu akimwaga damu. Nimeomba, nimefunga, kosa hili haliondoki. Mtu akaniambia alikuona Olkaria, kwa mabomba ya mvuke ya kile kiwanda cha umeme. Nikaenda mpaka getini na miguu hii. Askari akasema hakuna jina kama hilo, nikalia pale kama mtoto, kwa kuchoka tu.

Uji naupika nimekaa. Nekesa anatembea sasa, na akishika barabara siwezi kumkimbiza. Kila mwanamume anayesimama mlangoni anamwita baba. Jana alimwita hivyo yule anayekusanya maziwa. Mwanamume huyo alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Akaweka mtungi chini, akafungua mikono. Ningemwambia mtoto, huyu si baba yako.

Nikamwacha ambebe.

Nakuaga nikiwa bado na pumzi ya kuaga,
Mama ya Nasimiyu, nyanya ya mtoto wako