Nusu ya Somo la Mahindi

Rosettenville, 3 Machi 2025

Shemeji Évariste,

“Watoto wetu hawalipiwi shule ili waambiwe kwamba hata bukari si yao.” Hayo uliyasema jana mbele ya kanisa zima, wewe mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na watu wakakupigia makofi. Kabla sijakujibu, habari za nyumbani? Mgongo umetulia? Sisi wazima. Dada yako Agnès anakusalimu. Ndiye aliyetukataza simu; anasema tukiandikiana angalau hatutakatizana.

Sasa nakujibu. Sikuwaambia watoto kwamba bukari, ugali wa kwetu Kongo, si yao. Niliwaambia mahindi yalitoka wapi. Kitabu cha historia cha darasa la saba kinaianza Amerika kwa nahodha na meli zake, kana kwamba ng'ambo ile palikuwa patupu. Mimi naianza sokoni. Nilinunua mahindi, maharagwe, boga, muhogo, nyanya na karanga, nikavipanga mezani, nikauliza: nani alivilima wa kwanza? Watu wa Amerika, shemeji, maelfu ya miaka kabla ya meli hizo. Walichukua nyasi za porini zenye punje chache, ngumu kama kokoto, wakazilea kizazi hata kizazi mpaka zikawa mahindi. Hao ndio ambao wazungu waliwaita washenzi! Mtoto akilijua hilo, ataacha kuamini kwamba akili ilizaliwa Ulaya. Ndilo linalokuudhi?

Wiki hii tunafika kwa Waingereza walioshuka pwani na njaa, wenyeji wakawafundisha kupanda mahindi. Wiki ijayo, waliyoyafanya wageni hao baada ya kushiba. Niache nimalize.

Shemeji yako,
Lambert


Jeppestown, 6 Machi 2025

Shemeji mwalimu,

Salamu zimefika. Mgongo bado unanisumbua kwa kuinamia cherehani, lakini nashukuru, tunaamka. Mwambie Agnès kwamba hata kwa maandishi unapiga kelele vilevile.

Makofi unayoyacheka yalikuwa ya watu wenye hofu. Wewe unasoma vitabu. Mimi nashona dirishani, nasikia yanayopita barabarani. Unataka kuwafundisha watoto wetu kwamba wageni walilishwa, wakashiba, kisha wakawafukuza wenyeji. Katika mji huu wa kusini, sisi tuliotoka Kongo! Unajua wanaume wanaimba nini wakiandamana hapa na fimbo zao? Habari hiyohiyo, shemeji, na wageni ni sisi. Murielle wangu atatoka darasani aisimulie kwenye foleni ya duka la spaza, kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake. Halafu?

Kamati ilikaa jana. Somo limesimama. Fundisha mito na milima. Eish, si kila kitu lazima kiwe vita.

Shemeji yako,
Évariste


Rosettenville, 7 Machi 2025

Shemeji,

Pole ya mgongo. Hapa hakuna mgonjwa isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu ni kamati.

Nimetii. Leo nimefundisha mito. Watoto wakauliza, “Mwalimu, wale Waingereza walipokwisha kushiba ikawaje?” Nikawaambia wamwulize baba yake Murielle. Wamecheka sana. Murielle hakucheka.

Lakini sikia, fundi: umekata shati, ukashona mkono mmoja, ukawavisha watoto. Watatoka nalo hivyohivyo.

Lambert, shemeji yako bado


Jeppestown, 24 Machi 2025

Lambert,

Usiniulize hali, nitakwambia mwenyewe. Murielle ameshonwa nyuzi sita juu ya jicho.

Jumamosi alikuwa akicheza mbele ya duka na binti wa MaKhuzwayo, jirani yetu anayeuza magwinya, yale maandazi ya huku. Wakagombana, ugomvi wa watoto tu. Yule binti akamwambia, “Mnakula pap yetu, ugali wetu, rudini kwenu.” Unajua mwanafunzi wako alijibu nini? “Pap si yenu. Mahindi yametoka Amerika. Na ninyi rudini huko!” Kwa Kizulu, Lambert, tena Kizulu kizuri. Watu barabarani wakamcheka yule binti hadi akalia. Kuna waliocheka, na kuna waliosimama wakitutazama.

Tulipokuwa mezani jiwe likapita dirishani. Hatukuona nani alirusha. Kioo kikampata mtoto.

MaKhuzwayo alikuja na ufagio kutusaidia kuzoa vioo. Sikumruhusu aingie. Mke wangu analia, anasema tuhame. Tuhamie wapi? Wateja wangu wako hapa.

Kamati inakaa Jumamosi kupiga kura uondolewe shuleni. Hoja nimeileta mimi. Msalimie Agnès, na umwambie sina chuki naye.

Kaka wa mkeo,
Évariste


Rosettenville, 26 Machi 2025

Kwa shemeji Évariste, na kwa kamati nzima ya wazazi. Isomwe kwa sauti Jumamosi, kabla ya kura.

Nawasalimu nyote. Agnès alikuja kwenu jana, shemeji, akarudi akaniambia jicho la Murielle ni zima na anakula. Niliposikia hivyo ndipo nikachukua kalamu.

Mnasema somo langu limevunja kioo. Si kweli. Kilichovunja kioo ni nusu ya somo, na nusu hiyo mliipima na kuikata ninyi. Murielle alijua mahindi yalitoka wapi. Hakujua yaliyofuata, kwa sababu siku ya kumfundisha alikuwa akichora mito.

Haya, yafuatayo ndiyo mliyoyazuia. Wageni wale waliofundishwa kupanda mahindi waliongezeka, wakaja na hati zinazosema ardhi ni tupu, na nyuma ya hati bunduki. Mwaka 1779 jeshi la Marekani lilipita katika vijiji vya Wairokwa, wenyeji wa huko, likichoma mahindi mashambani na kukata miti ya matunda, ili watu wafe njaa majira ya baridi. Mahindi hayakumfukuza mtu. Yalivuka bahari, yakapokewa na bibi zetu huko Kongo na bibi zake MaKhuzwayo huku, na kila mmoja akayafanya yake kwa jembe na sufuria. Kwa hiyo pap ni ya yule binti, na bukari ni ya Murielle, na hakuna kati yao mwenye haki ya kumwambia mwenzake arudi popote.

Na mtoto akiwauliza, “Baba, sisi ndio wageni wale?” mtamjibu nini? Mtamnyamazisha? Mimi ningemwambia: hatukuja na jeshi, hatukumnyang'anya mtu shamba. Lakini tumekuja, na aliyekuja hamcheki mwenyeji mbele ya watu. Murielle alikosea, na nitamwambia mwenyewe. Wanaoandamana na fimbo nao wanawafundisha watoto historia, kila wiki, bila kuomba ruhusa ya kamati. Ninyi mmewaachia darasa.

Sitaki huruma yenu. Nifukuzeni Jumatatu mkitaka. Lakini Jumamosi, ninyi wazazi wa darasa la saba, fungueni darasa langu, mkae kwenye madawati ya watoto wenu, nimalize somo mbele yenu, ndipo mpige kura. Na wewe, Évariste: vaa koti, nenda leo kwa MaKhuzwayo, umwombe aje na bintiye, na uwawekee viti mbele, karibu na Murielle.

Shemeji yako,
Lambert