Shanga za Kiunoni Juu ya Makoti

Crystal, Minnesota
Machi, 1996

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Naomba Mungu barua hii ikukute umelala usingizi mzuri na chai unainywa. Huku mwanao, Shangazi, ni mzima, bado anatunza wazee kazini kwake. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imenichafuka, na jambo lenyewe siwezi kumwandikia Mama. Naliandika kwako kwa kuwa wewe ni mtani wangu.

Mwalimu wetu wa ushonaji alitutaka tuandike insha juu ya mtu ambaye tungependa kufanya kazi kama yake. Nilimchagua mwanamke Mfaransa, mbunifu wa nguo na mapambo. Maktabani nilisoma kila nilichokipata juu yake: alianza kwa kushona vifungo dukani kwa jirani, akatengeneza hereni kwa vijiko vya zamani, mpaka akafungua duka lake Paris. Nilimpenda, Bibi. Mara tukasikia anakuja kuonyesha nguo zake kwenye lile jengo kubwa la maduka kule Bloomington, na atachagua mwanafunzi mmoja ajifunze kwake wakati wa likizo. Nikachukua michoro yangu na bangili ya shanga niliyoitunga, Shangazi akanipeleka kwa gari.

Wakatoka wasichana wa maonyesho wamevaa makoti mazito. Na juu ya makoti, shingoni, Bibi, shanga za kiunoni! Tena si mpya. Zimevaliwa, uzi umekuwa mweusi kwa jasho na mafuta. Shangazi akanibana mkono.

"Audhubillahi! Zuhura, angalia chini!"

Niangalie chini vipi, na mbele yangu mzee wa Kizungu ameshika mtungo mmoja anaunusa, anamwambia mkewe kwamba unanukia karafuu?

Mfaransa akaeleza kwamba alizinunua pwani kwetu, na kwamba ni mikufu ya malkia. Mikufu!

Zamu yangu ilipofika, aliniuliza kwetu ni wapi, huku akiigeuzageuza bangili yangu. "Mkono wako mzuri. Nafasi ni yako." Moyo ukaruka. "Ila mwandikie bibi yako anitumie za kwake. Zilizovaliwa."

Nikamweleza kwa adabu zinavaliwa wapi, na kwamba wa kuziona ni mume. Nilidhani ataona haya. Akapiga makofi! "Vizuri zaidi! Hayo tutawaambia wateja." Nikasema naweza kumtungia mpya. Akasema mpya hazina mtu ndani yake. Basi nikachukua bangili yangu, nikamwambia sitaandika. Nafasi akapewa msichana aliyenifuata.

"Na wewe nawe," Shangazi akaanza garini, "ungeomba mitungo miwili tu. Bibi yako anazo nyingi, nani angejua?"

"Basi Shangazi, tumpe zako."

"Ati nini? Koma! Mtoto huna haya!" Gari likayumba kwenye theluji. Tulipofika nyumbani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Zangu! Na baba watoto ningemwambia zimekwenda Paris?"

Mimi nililia kweli, Bibi. Nafasi ile niliitaka sana, na kinyaa hakikuniondolea hamu yake. Lakini insha nimeiandika upya, nikaeleza kazi yote ya yule mama pamoja na niliyoyaona, na mwalimu amesema niisome mbele ya darasa. Kushona siachi. Zipo njia nyingine za kujifunza, nami nitaitafuta yangu.

Nisalimie Mama, na baba mdogo fundi seremala, na Bi Hadija jirani anayekusomea barua hii. Mwambie asiisome kwa sauti kubwa. Babu mpe shikamoo yake. Na akipita mgeni mwenye mkoba akiulizia za kiunoni, mjibu kwamba zako zina mwenyewe, naye yupo barazani anavuta kiko.

Ni mimi mjukuu na mke mwenzio,
Zuhura