Vidole Shingoni mwa Kibuyu

Mjukuu wangu Atieno,

Huku Asembo tuko salama. Mamako amepeleka dagaa wa omena sokoni Kisumu, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Umeniuliza kama naweza kuamini kwamba walinzi wa mwili huwajua bakteria wa maziwa lala kwa kupapasa ukuta wao, hata bakteria hao wakiwa wamekufa. Mbona nisiamini? Mama mkwe wangu alikuwa kipofu, na alijua kila kitu kwa vidole.

Nilipoolewa, nilikisugua kibuyu chake cha maziwa kwa sabuni na maji moto, nikajisifu kwa usafi. Kumbe yeye alikuwa akikisuuza tu na kukifukiza moshi. Aliingiza vidole shingoni, akapapasa.

“Nyar Awasi,” akasema, akiniita kwa jina la kwetu, “wageni wangu umewapeleka wapi?”

Nilikimbia kwa jirani kuomba maziwa lala ya kuanzishia upya.

Sasa nijibu wewe. Hao walinzi, wakishamgusa aliyekufa, humkumbuka mpaka lini? Mama mkwe tulimzika kabla babako hajazaliwa. Lakini asubuhi nikiingiza vidole kibuyuni, hukutana na vyake.

Ni mimi,
Dani yako