Chungwa la Hisham

Ndiyo, dada Mahfoudha, alama ya kidole kwenye kisu ni ya mdogo wetu Hisham. Sikatai, usinigombeze. Kisu kilichomuua jirani yake kilitoka kibandani kwangu cha matunda hapa soko la Mawaleh, huku ng'ambo. Mtaalamu wa alama za vidole kasema dole gumba lilikaa juu ya ubapa, basi kilishikwa kuchomea mtu. Ndo wakamhukumu kifo.

Kwenye rufaa tunabisha hapo hapo. Nkamwambia wakili, "Ustadh, mimi nimeishia darasa la nne, lakini kumenya machungwa nna digrii."

Unamkumbuka bibi kule Wete? Alitukalisha barazani kutufunza kumenya, dole gumba juu ya ubapa, ganda litoke refu bila kukatika. Hisham likimkatika analia, nawe unampa lako. Kila Ijumaa akija kwangu alimenya vile vile, kwa kisu hicho hicho.

Mimi majaji wananiona mchekeshaji, wanataka shahidi mwengine. Nawe umeapa hutaki kumwona muuaji. Haya, tupatane: chukua chungwa sasa hivi, umenye. Dole lako likikaa mpinini, sikwambii tena neno. Likikaa juu ya ubapa, panda ndege uje uwaoneshe.

Kakako mwenye kelele,
Harub