Wimbo wa Kibuyu cha Maziwa

Mama,

Bwana awalinde huko juu milimani, Bibokoboko. Dawa ya mguu wa baba nimeipata, ila moyo haujatulia. Leo nilikaa kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Baraka, nipate kupiga na kuuliza kama njia ya kupanda iko salama.

Mwenye kibanda, Mubembe mmoja mucheshi, wa kabila la wenyeji wa hapa, ana desturi yake: wanaongoja wanachagua wimbo kwa zamu, kisha kila mutu anasema unamkumbusha nini. Mama mmoja wa ziwani, mwenye hijabu ya kijani, alichagua rumba ya harusi yake, akafuta machozi. Zamu ikanifikia. Wangu hauko kwenye simu yoyote: ni ule unaouimba ukisukasuka kibuyu cha maziwa. Nikauimba midomo imefungwa, maana siku hizi za vita mutu akisikika anaongea lugha yetu sisi wafugaji wa milimani, barabara nzima inamgeukia kama adui.

"Mutoto wangu," akasema yule mama, "maneno iko wapi?"

Nikatupa jicho mlangoni. Mwenye kibanda akaniangalia, akaangalia barabara. Akaitoa spika nje, akapandisha rumba mpaka mabati yakatetemeka, kisha akafunga mlango.

"Imba, dada. Kule njiani batasikia rumba tu."

Nikaimba na maneno yote. Bamama wakasogea karibu, sikio kwa mdomo wangu, ili wanisikie.

Msalimie baba. Na kesho ukisukasuka maziwa, Mama, imba kwa nguvu, mlango ukiwa wazi.

Binti yako